Chongo na Kengeza: Usikilizaji wa Kwanza wa A Boy from Tandale

Ukipenda, chongo huita kengeza. Methali hii hutajwa aghalabu panapozungumziwa mapenzi ya mtu kwa mtu, lakini hapana pengine inapofaa zaidi kuliko katika uhusiano wa msikilizaji na msanii anayemhusudu. Msikilizaji huyu haanzi kusikiliza albamu mpya akiwa huru. Anaanza akiwa na deni la nyimbo za zamani, na kila wimbo mpya anaupima kwa deni hilo: ama aulipie kwa sifa usizostahili, ama audai kwa hasira. Mambo haya mawili yalitokea kwa pamoja mwezi Machi mwaka 2018, Diamond Platnumz alipozindua albamu yake A Boy from Tandale. Uzinduzi wenyewe haukufanyika Dar es Salaam alikozaliwa, ulifanyika Nairobi, jambo ambalo kwa Wakenya lilikuwa heshima na kwa baadhi ya Watanzania lilikuwa swali.

Makala haya yanarejelea usikilizaji huo wa kwanza. Hayakusudii kuandika historia ya msanii, wala kuamua kama albamu ile ilifaulu sokoni, maana soko lina mahakimu wake. Yanakusudia kuuliza kilichosikika na kilichokosa kusikika, hasa miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili ambao ndio waliogawanyika zaidi, na kwa sababu ambazo hawakuzitaja waziwazi.

Ni vyema kukumbuka jinsi Naseeb Abdul Juma, ndilo jina lake halisi, alivyoingia katika madarasa ya Kiswahili ya Kenya. Hakuingia kwa kualikwa. Kizazi kilichomtangulia kilikuwa tayari kimezoea kumsikia Professor Jay, aliyetoa Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, na kustaajabia kwamba vijana wa Tanzania waliweza kuzungumzia siasa, ukimwi na njaa kwa Kiswahili kisichotafuta msaada wa lugha nyingine. Wakati huo jijini Nairobi Sheng ilikuwa imeshika muziki wa vijana, na mwalimu aliyetaka mfano wa wimbo mpya wenye Kiswahili kinachoweza kuandikwa ubaoni bila aibu alivuka mpaka kwenda kuutafuta. Diamond alipotoa albamu ya Kamwambie mwaka 2010, alipokelewa katika nafasi hiyo iliyokwisha kuandaliwa. Akawa mfano wa darasani. Tashbihi zake zikatolewa maelezo, takriri zake zikahesabiwa, na wanafunzi waliochoshwa na mifano ya vitabu wakaamka.

Kwa hiyo wapenzi wake katika idara za Kiswahili hawakuwa wapenzi wa kawaida. Walikuwa wamemfanya shahidi. Kila walipoulizwa kama Kiswahili kina uwezo wa kubeba muziki wa kisasa na kuuzwa, walimtaja yeye. Sasa shahidi anapopanda kizimbani na kuanza kusema kwa lugha ya upande wa pili, aliyemwita hawezi kumsikiliza kwa utulivu. Hapo ndipo ulipo mzizi wa mgawanyiko wa mwaka 2018, na ni kosa kudhani kwamba ulikuwa mgawanyiko wa ladha tu.

Jina la albamu lenyewe lilitosha kuanzisha ugomvi. Tandale ni mtaa wa Dar es Salaam unaojulikana na wafanyabiashara kwa soko lake la nafaka, mahali penye magunia, makuli, matope wakati wa masika na mnada usiokwisha. Mtaa wenye Kiswahili kingi kiasi hicho uliwekwa mwishoni mwa maneno matatu ya Kiingereza. Kisha yakaja majina ya walioshirikishwa: Ne-Yo, Omarion na Rick Ross wa Marekani, Morgan Heritage wenye asili ya Jamaika, Davido, Tiwa Savage, P-Square na Mr Flavour wa Nigeria, na Miri Ben-Ari, mpiga fidla. Mwezi mmoja kabla ya uzinduzi, yaani Februari 2018, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilikuwa imeziagiza redio na televisheni ziache kupiga nyimbo kadhaa kwa hoja ya maadili, na mbili kati yake, Waka na Hallelujah, zilikuwa za albamu hii. Basi msikilizaji wa kwanza aliifungua akiwa amebeba mzigo mzito: jina la kigeni, wageni wengi, na amri ya serikali.

Wapo waliosema papo hapo kwamba msanii ameiuza lugha. Wapo waliojibu kwamba ameipeleka lugha ng'ambo. Waliosema la kwanza walihesabu maneno ya Kiingereza, nao waliosema la pili wakahesabu mataifa. Pande zote mbili zilihesabu, na hakuna upande uliosikiliza vya kutosha.

Wasomi walioitetea albamu walikimbilia haraka mfano wa ushairi. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, walisema, wanamapokeo walilalamika kwamba tungo zisizo na vina wala mizani si mashairi, na leo diwani hiyo inasomwa vyuoni. Je, si yaleyale? La hasha. Mfano huu ni mtamu lakini ni mvivu. Kukataliwa hakukifanyi kitu kuwa Kichomi. Viko vitabu vingi vilivyokataliwa mwaka uleule na ambavyo hadi leo hakuna aliyejuta kuvikataa. Zaidi ya hayo, Kezilahabi aliacha vina ili Kiswahili kifanye kazi nyingine ndani ya shairi, kazi ya kufikiri kwa mwendo usiotabirika. Swali la kuiuliza albamu ya Diamond ni lilelile: pale alipokipunguza Kiswahili, alikipunguza ili nini kifanyike?

Wengine walimtaja Siti binti Saad, na mfano huu una uzito zaidi, ingawa unakata upande usiotarajiwa. Taarab ya kasri la Sultani wa Zanzibar iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri zilizosikika pwani nzima. Alitumia ala za wageni, mitambo ya wageni na kampuni ya wageni, lakini lugha aliivuta kuelekea nyumbani. Naye Miriam Makeba alipoimba Malaika pamoja na Harry Belafonte katika miaka ya sitini, wimbo ambao Fadhili William alikuwa ameurekodi Kenya na ambao umiliki wake umezua ubishi usiokwisha, hadhira ya Marekani iliupokea kwa Kiswahili chake kizima. Hakuna aliyewatafsiria nusu ya beti ili wasichoke. Hoja kwamba lugha haiwezi kuvuka bahari bila kushikwa mkono na Kiingereza ilikuwa imejibiwa zaidi ya nusu karne kabla ya A Boy from Tandale.

Hata hivyo, hoja ya makala haya si kwamba Kiingereza ni kosa. Mtu anayetaka kuliona tatizo la albamu hii, na pia uzuri wake, hana budi kurudi kwenye sarufi.

Tazama majina ya nyimbo zilizompa Diamond nafasi yake katika moyo wa wasikilizaji wa Kiswahili: Kamwambie, Nitarejea, Utanipenda. Kila jina ni kitenzi kimoja, na kila kitenzi ni sentensi kamili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukichanganua Kamwambie: ka- ya kwenda na kutenda, -mw- ya mtendwa, mzizi, na kiishio cha amri au ombi. Lakini uchanganuzi huo ukikoma kwenye mofimu, utamu wote umeachwa. Ndani ya neno hilo moja wamo watu watatu: anayetuma, anayetumwa, na anayepelekewa ujumbe. Kuna pia umbali, kwa sababu ka- hiyo inamwambia mtu aondoke hapa aende kule. Mpenzi asiyeweza kwenda mwenyewe anamtuma mwingine. Hii ni mbinu kongwe ya utungo wa Kiswahili, ambamo ndege, upepo na barua wametumwa kwa karne nyingi kwenda kwa mpenzi aliye mbali. Kijana wa Tandale hakuhitaji kuisoma mahali. Aliirithi ndani ya kitenzi.

Nitarejea ni wimbo wa kuagana. Mtu anaondoka nyumbani kwenda kutafuta riziki na kuacha ahadi nyuma yake. Diamond aliuimba pamoja na Hawa, na thamani yake iko katika kule kukabiliana kwa sauti mbili, ya kiume na ya kike, ya anayekwenda na ya anayebaki. Kurejea ni kitendo kisichoeleweka bila mtu wa kurejelewa; kitenzi kinamdai mwenzake. Utanipenda, wa mwaka 2015, unakwenda mbali zaidi: u- na -ni- zimebanana katika neno moja, wewe na mimi, na wakati ujao umewekwa katikati kama shaka. Msanii aliyekwisha kuwa tajiri anauliza kama atapendwa siku atakapokuwa hana kitu. Swali zima limo katika neno moja lisilo hata na alama ya kuuliza.

Hapa ndipo msomaji anapoweza kuona kwa nini jina kama Marry You lilimkaa vibaya msikilizaji wa Kiswahili, hata yule asiyejua kueleza sababu. Si kwa kuwa ni la Kiingereza. Ni kwa kuwa halina mtu anayetenda. Kuna kuoa na kuna wewe. Mwenye kuoa hayupo. Number One, wimbo ulioanza mwaka 2013 na kurudiwa pamoja na Davido, ni cheo. Fire ni moto. African Beauty ni sifa inayoweza kubandikwa kwenye chupa ya mafuta ya nywele. Majina haya hayamsemeshi mtu. Yanatangaza.

Msomaji makini atapinga kwamba jina la wimbo si wimbo, na atakuwa na haki. Basi zisikilizwe nyimbo zenyewe.

Albamu yenye wageni wengi kiasi hiki ni, kwa vigezo vya fasihi ya Kiswahili, albamu ya majibizano au si kitu. Majibizano ni moyo wa utungo huu. Malenga wa Mombasa na wa Lamu walirushiana tungo zama za Muyaka bin Haji, mwanzoni mwa karne ya 19, na beti zikawa silaha kabla ya mishale na bunduki. Taarab imeishi kwa kijembe na jawabu la kijembe. Hadi leo mshairi anayepeleka shairi lake kwenye kurasa za Taifa Leo anatarajia kujibiwa, na asipojibiwa huona kwamba hakusomwa. Anayejibu katika utamaduni huu hana ruhusa ya kusema lolote analotaka. Sharti achukue neno la mwenzake, aligeuze, alirudishe likiwa na ncha mpya. Mara nyingi huchukua hata vina vyake.

Kwa kigezo hiki, nyimbo kadhaa za A Boy from Tandale zinaanguka, na zinaanguka hata pale zinapopendeza sikio. Katika Marry You, Ne-Yo anaimba vizuri kama anavyoimba siku zote, lakini hana habari na aliyemwalika. Ungeweza kuliondoa fungu lake ukalipachika katika wimbo mwingine wa harusi, na pasingebaki jeraha upande wowote. Rick Ross katika Waka anaingia, anasema yake, anatoka. Huyu ni mgeni aliyekuja na chakula chake, akala peke yake sebuleni, akaaga. Mwenyeji naye, kwa adabu ya ugeni iliyopita kiasi, anapunguza sauti na kubadili lugha ili mgeni asijione yuko ugenini. Matokeo yake wote wawili wanakuwa ugenini. Hasara halisi ya usikilizaji wa kwanza ilikuwa hapa, na lawama kuhusu idadi ya maneno ya Kiingereza ilikuwa jina lisilo sahihi la maumivu sahihi.

Linganisha na Iyena, ambao Diamond aliuimba na Rayvanny. Hawa wawili wametoka katika lugha moja, na Rayvanny, kijana wa Mbeya, hakuja kwa Diamond kama mgeni, alikuwa msanii wa lebo yake. Sauti zao zinakaribiana kiasi kwamba msikilizaji asiyezoea anaweza kukosa kujua ni wapi mmoja ameachia na mwingine ameshika. Kila mmoja anapokea pumzi ya mwenzake. Ni wimbo mwepesi, na mhakiki mkali anaweza kusema kwamba hauna jambo kubwa, haijalishi. Ndani yake kuna watu wawili walio chumba kimoja, jambo ambalo Marry You haina kwa gharama yake yote.

Halafu kuna Baila, ambao ndio mshangao wa albamu. Jina lake ni la Kihispania. Mgeni wake, Miri Ben-Ari, hasemi neno hata moja la Kiswahili, wala la lugha nyingine yoyote, kwa sababu sauti yake ni fidla. Kwa kigezo cha wanaohesabu maneno, huu ungepaswa kuwa wimbo wa mbali kabisa na nyumbani. Kumbe ndio ulio karibu. Sikio la mtu aliyekulia pwani halihitaji kufundishwa fidla: ala hiyo ilikwisha kuingia katika taarab kutoka Misri na kukaa hadi ikawa mwenyeji, ikijifunza kumsubiri mwimbaji amalize mshororo kisha impokee. Miri Ben-Ari hakulelewa katika taarab, lakini fidla ndani ya wimbo huo inafanya kazi ambayo Ne-Yo hakuifanya. Inasikiliza. Wasikilizaji wa kwanza, kwa kuwa walikuwa wakitafuta maneno, waliipita haraka.

Hallelujah una utata wake. Morgan Heritage ni wanamuziki wa rege, na rege ina historia ndefu katika Afrika Mashariki. Haikuja na albamu hii. Waliopinga wimbo huo walichukizwa na neno la ibada kutumiwa kumsifia mpenzi. Kwa mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili, chukizo hili ni la kustaajabisha kidogo, maana lugha ya mapenzi na lugha ya dua zimeazimana mavazi kwa muda mrefu katika tungo za pwani. Kama kuna udhaifu, ni kwamba neno lililoazimwa halikurudishwa na faida yoyote. Ila jambo hili linahitaji makala yake.

Sikomi ndio wimbo uliostahili kuwa katikati ya mjadala, na ambao mjadala uliuzunguka bila kuuingia. Ulitangulia albamu kidogo, ukasikilizwa zaidi kama habari za maisha ya msanii: nani alimwacha, nani alimtesa, nani anasemwa. Umbeya una haki zake, na wasanii wenyewe huulisha. Lakini litazame neno. Kukoma ni kuacha, kufikia mwisho. Kukoma pia ni kupata funzo kwa maumivu: mtoto anayeadhibiwa huambiwa akome, na mahasimu wakigombana uani mmoja humwambia mwenzake ukome. Anayesema sikomi anasema mambo mawili kwa pumzi moja. Anasema siachi kupenda, na anasema sijifunzi. La kwanza ni fahari, la pili ni kukiri upumbavu, na lugha haikubali kuyatenganisha. Mtu anayejisifu kwa uvumilivu wake wa mapenzi analazimishwa na kitenzi chake mwenyewe kujishtaki.

Katika neno hilo kuna nafsi moja tu. Tofauti na Kamwambie yenye watu watatu, na Utanipenda yenye wawili, sikomi haina mtendwa. Yule kijana aliyemtuma mtu aende kwa mpenzi wake hana tena wa kumtuma. Anaimba akiwa peke yake, katika albamu iliyojaa wageni kuliko zote alizowahi kutoa. Hakuna anayejua kama alilipanga hivyo, na kwa kweli si lazima awe alilipanga. Vitenzi vya Kiswahili huwa na akili zao. Ila aliyesikiliza albamu nzima mfululizo, kutoka kelele za Waka hadi upweke wa Sikomi, alipata picha ya mtu ambaye umaarufu umemzungushia watu wengi wasiomjibu. Wasifu ambao jina la albamu liliahidi, na ambao nyimbo nyingi za mapenzi ya kawaida hazikuutoa, umo hapo.

Yapo ya kulalamikiwa bila kuogopa kuitwa mhafidhina. Nyimbo nyingi zilikuwa zimeshatoka moja moja kwa miaka kadhaa. Nana ilisikika tangu 2015 na Kidogo tangu 2016. Albamu ya namna hii ni ghala, na ghala halina mwanzo wala mwisho, hata kama limejengwa Tandale penyewe kando ya soko la nafaka. Msikilizaji anayetarajia mtiririko anapata magunia yaliyopangwa. Tena, mtaa wenyewe haupo. Aliyetaka kuuona, kuunusa, kusikia wachuuzi wake, anaambulia jina kwenye jalada. Diamond wa miaka ya mwanzo, aliyekuwa na wimbo uitwao Mbagala, alijua kwamba jina la mtaa ni ahadi kwa wanaoishi humo.

Lawama nyingine iwaendee wasikilizaji waliosoma. Wapenzi wa msanii huyu katika vyuo vikuu walimtetea kwa hoja za biashara, wakitaja Universal na soko la Nigeria, kana kwamba idara za Kiswahili ni ofisi za mawakala wa muziki. Wapinzani wake wakamshambulia kwa hoja za usafi wa lugha, zilezile walizozikataa walipokuwa wakiitetea Sheng wiki iliyotangulia. Mwanafunzi aliyeweza kuandika kurasa ishirini juu ya urudiaji katika utenzi wa karne ya 18 hakuandika hata moja juu ya kitenzi sikomi. Chongo aliitwa kengeza na waliopenda, na waliochukia wakamwita kipofu. Jicho lenyewe halikutazamwa.

Yafaa wanaotafuta mada za tasnifu walizingatie jambo hili la vitenzi na nafsi kwa upana zaidi, katika bongo fleva yote na pia katika nyimbo za Kenya. Pengine utafiti utaonyesha kwamba nadharia iliyopendekezwa hapa haisimami nje ya nyimbo chache za msanii mmoja. Kwa kweli msanii mwenyewe ameshaitia doa. Mwishoni mwa mwaka 2020 alitoa wimbo pamoja na Koffi Olomide wa Kongo, na jina lake halina kitenzi, halina nafsi, wala si neno la kamusi: Waah! Ni kiingizi tu, mlio wa mtu aliyeshangaa. Humo Lingala na Kiswahili vinagongana kama vilivyogongana katika bendi za dansi za Dar es Salaam tangu enzi za wanamuziki waliovuka Ziwa Tanganyika na kuhamia huko, na mzee yule hakuketi sebuleni na chakula chake. Anaitwa, anaitika, anamwita kijana naye, na kijana anaitika.